Mayai Yaliyobaki Meupe

Aberdeen, Uskochi
9 Februari 1997

Kwa Mjomba Ponsiano,

Shikamoo Mjomba. Shikamoo pia Mama Levina. Naomba Mungu barua hii iwakute wazima, na mvua iwe imeupa mpunga wa Mofu haki yake. Mimi nipo. Baridi ya hapa inauma hadi kwenye meno, na jua likichomoza saa tatu, saa kumi limeshachoka. Samaki ni wengi ila hakuna hata mmoja mwenye ladha ya kambale wa Kivukoni. Levina amejifungua? Nisalimieni yeye na mumewe.

Sasa nije kwenye shida yangu. Unakumbuka nilipokuwa darasa la sita ulinisimamisha juu ya kigoda, jicho langu lifike kwenye hadubini, ukanionyesha yai la mbu? Lilikuwa jeupe kama chembe ya chumvi. Ukaniambia ningoje. Baada ya saa mbili lilikuwa jeusi. Nikakuuliza nani amelipaka rangi, ukacheka.

Aliyelipaka ni kimeng'enya, Mjomba. Wewe unajua, lakini naeleza ili Mama Levina naye asikie ukimsomea. Mwili wa mbu unatengeneza kitu kidogo sana ambacho kazi yake ni kulipika ganda la yai. Ganda likipikwa linakuwa jeusi na gumu. Lisipopikwa, yai linabaki jeupe, linasinyaa, na kiluwiluwi hakitoki. Ipo dawa inayokizuia kimeng'enya hicho. Nataka kuijaribu kwa mbu wa bonde letu, si kwa hawa wa hapa waliozaliwa vizimbani vizazi na vizazi. Nusu ya majike wanywe damu tupu, nusu damu yenye dawa. Kila mmoja atage juu ya karatasi iliyolowa ndani ya kikombe chake, kisha mayai yahesabiwe: meupe mangapi, meusi mangapi, yaliyosinyaa mangapi.

Dkt. Elineema amekubali kazi ifanyike kwenye maabara ya mradi wenu, kwa sharti moja: anayehesabu awe mtu mmoja tu, fundi sanifu aliyefunzwa. Nimemwambia macho ya mjomba wangu nayaamini kuliko ya profesa.

Wako mwanao,
Emerensiana


Viwanja Sitini, Ifakara
20 Aprili 1997

Mwanangu Emerensiana,

Marahaba. Barua yako ilifika ikiwa imelowa pembe moja, lakini ilisomeka. Huku hatujambo. Levina amepata mtoto wa kiume, mzito kama debe la mpunga. Mto umepanda, watu wa Mofu wanapita kwa mitumbwi palepale tulipokuwa tukipita kwa baiskeli. Mama Levina mwaka huu hakwenda shamba. Nimemwambia akae nami hapa mjini, mwili wangu umeanza kupenda uji wa asubuhi.

Kazi yako nimeifanya. Majike tuliwakamata kwenye nyumba za Mofu na Kivukoni, wakanywa damu ya ng'ombe kupitia utando, kama ulivyoelekeza. Waliokunywa damu tupu, kati ya kila mayai mia, matatu tu yalibaki meupe. Waliokunywa yenye dawa, themanini na manne yalibaki meupe. Themanini na manne! Siku ya pili yalikuwa yamebonyea kama maharage yaliyovunwa mabichi. Miaka kumi na tisa katika chumba cha mbu, sijapata kuona hivyo.

Karatasi zote za hesabu nimezifunga humu. Mwonyeshe huyo profesa wako, umwambie zimetoka kwa mtu ambaye hajawahi kupanda ndege.

Mjomba wako,
Ponsiano


Aberdeen
1 Juni 1997

Mjomba wangu,

Shikamoo. Hongera sana kwa mjukuu. Nimefurahi mpaka mwenzangu wa chumba akauliza kuna nini. Mama Levina nampa pole kwa kukosa msimu wa mpunga. Najua anavyolipenda shamba lake.

Karatasi zako za hesabu zimenipa furaha, na zimenipa maswali. Usikasirike. Profesa amezitazama, akasema ni nzuri kupita kiasi. Ameniuliza mambo ambayo sikuwa na majibu yake. Kwanza, mwandiko. Si wako, wala kwenye karatasi za hesabu wala kwenye barua. Wako ulilala kushoto, huu umesimama wima. Pili, muda. Vikombe kumi na viwili vimehesabiwa kwa dakika hamsini. Wewe mwenyewe ulinifundisha kikombe kimoja kinataka dakika kumi. Tatu, siku. Karibu zote ni Jumapili. Umehesabu hata Ijumaa Kuu. Tangu lini unafanya kazi Ijumaa Kuu?

Niandikie tu ilivyokuwa, nimjibu.

Emerensiana


Viwanja Sitini
13 Julai 1997

Emerensiana,

Marahaba. Sisi wazima. Mtoto wa Levina amebatizwa, ameitwa Beatus. Bei ya mafuta ya taa imepanda tena. Mzee Fridolin wa jirani amefariki, tumemzika Jumanne.

Maswali yako nimeyasikia. Mkono umezeeka, mwandiko hubadilika. Muda ni muda. Na mbu si Wakatoliki, hawajui Ijumaa Kuu.

Huyo profesa wako mwambie hivi: nilianza kuhesabu mayai ya mbu wakati wewe hujui kupenga kamasi. Hakuna aliyewahi kuniuliza nimetumia dakika ngapi.

Karatasi za raundi ya pili hizi hapa. Hesabu ni zilezile.

Ponsiano


Aberdeen
24 Agosti 1997

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini hamjambo, na Beatus anaendelea kukua. Poleni kwa msiba wa Mzee Fridolin.

Hukujibu swali hata moja. Umenitukana vizuri, lakini hukujibu.

Raundi ya pili imetoa themanini na manne tena. Yaleyale, bila hata yai moja kupungua. Mjomba, mimi nimekaa na takwimu miaka minne sasa. Kitu kilicho hai hakirudii namna hiyo. Anayerudia namna hiyo ni mtu aliyekaa mezani na kalamu, akakumbuka alichoandika mara ya kwanza.

Nitakuuliza mara moja, sitakuuliza tena. Je, ulikisia? Kama ulichoka, sema. Kama uliumwa, sema. Nitafuta, nitaanza upya, na jambo litabaki kati yetu wawili. Kama hukukisia, kaa na Dkt. Elineema mbele ya hadubini, uhesabu vikombe viwili akiangalia, na yeye atie sahihi. Ni kazi ya saa moja.

Hili jina linaloandikwa juu ya kazi hii ni langu. Sina lingine.

Emerensiana


Viwanja Sitini
28 Septemba 1997

Emerensiana,

Sikukisia.

Kukaa na Elineema sitakaa. Mtu aliyekaa kwenye kiti kimoja miaka kumi na tisa hawekwi mtihani kama mwanafunzi.

Mama yako alipofariki kule Mahenge, walikuja watu wanne wakasema huyu mtoto ana miaka saba, hana wa kumchukua, apelekwe kwa masista. Nilikubeba mgongoni mpaka kituo cha basi. Sikumwomba mtu cheti cha kuonyesha kwamba wewe ni damu yangu. Niliambiwa, nikaamini.

Hapa hatujambo.

Ponsiano


Aberdeen
2 Novemba 1997

Mjomba Ponsiano,

Shikamoo.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Mgongo wako nitaushukuru mpaka nakufa. Lakini mgongo si hesabu. Umenitajia marehemu mama ili nione aibu nisiulize, na hilo limenithibitishia zaidi kuliko karatasi zote.

Nimemwandikia Dkt. Elineema. Nimemweleza mwandiko, muda na siku. Nimemshauri pia namna ya kukupima ambayo haiwezi kubishaniwa. Nimemwomba raundi zako zote mbili ziwekwe kando, na fundi mwenzako Lukelo aanze upya. Barua yangu kwake nimeituma kwa faksi, kwa hiyo hii itakufikia baada ya mambo kwisha.

Sikufanya kwa chuki. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba yai moja lililoandikwa bila kuonekana linaharibu mayai yote.

Msalimie Mama Levina.

Emerensiana


Aberdeen
18 Januari 1998

Mjomba,

Shikamoo. Heri ya mwaka mpya kwenu nyote. Redio ya hapa imetaja mafuriko Tanzania, ya mvua wanazoziita El Nino. Ifakara hawakuitaja, lakini nalijua bonde letu. Je, nyumba imesalimika? Mmepata habari za Levina kule Mofu?

Dkt. Elineema ameniandikia kwamba umeachishwa kazi tangu Desemba. Sikumwambia akufukuze. Nataka ujue hilo. Nilimwomba akupime tu, uamuzi ni wake. Anasema hukujitetea hata kwa neno moja. Kwa nini, Mjomba? Mtu asiye na kosa hupiga kelele.

Nimengoja barua yako wiki kumi na moja. Labda barabara imekatika.

Emerensiana


Aberdeen
10 Mei 1998

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo Mama Levina. Sijui kama mko mjini au wapi, natuma kwa anwani ileile, kupitia parokia.

Sijui nianzie wapi. Lukelo amemaliza. Amehesabu miezi mitatu, na Dkt. Elineema amekaa naye kila siku. Damu tupu: matatu kwa mia. Damu yenye dawa: themanini na matatu.

Themanini na matatu, Mjomba. Wewe uliandika themanini na manne.

Nimekaa na karatasi zako na zake sakafuni, kikombe kwa kikombe. Zako ni safi kuliko zake. Yeye amekosea mahali saba, wewe sijaona hata mahali pamoja. Kimeng'enya ni kilekile nilichokifikiria, na mtu wa kwanza kukiona kikishindwa kazi kwenye mbu wa Kilombero ulikuwa wewe.

Hukukisia. Uliniambia kwa neno moja, nikalikataa.

Nisamehe. Nakuomba kwa magoti. Nitamwandikia Elineema akurudishe. Kwenye makala tutakayochapisha, jina lako nitaliweka kabla ya langu. Septemba nikimaliza nakuja nyumbani moja kwa moja. Niambie tu: mbona hukukaa mbele ya hadubini? Kulikuwa na ugumu gani?

Mwanao,
Emerensiana


Mofu
2 Agosti 1998

Emerensiana,

Shikamoo zako nimezipokea. Ni mimi Mama Levina. Parokia walituletea barua yako mwezi wa saba, mwenye mtumbwi alikaa nayo wiki mbili. Levina hajambo. Beatus anatembea. Nyumba ya Viwanja Sitini tumeiacha, tunakaa huku kwa mkwe. Maji yalichukua mpunga wote wa chini, tumebaki na majaruba mawili ya juu.

Umeuliza kulikuwa na ugumu gani. Nitakuambia, maana yeye hataki, na mimi nimechoka kubeba.

Mjomba wako haoni. Usubi, ule ugonjwa wa inzi wa mtoni kule Mahenge alikokulia, umemla macho kidogo kidogo. Daktari alisema hayarudi. Barua yako ya kwanza ilipofika hakuweza kuisoma. Wewe uliandika kwamba yeye ananisomea, kumbe mimi ndiye niliyemsomea. Nilipofika pale uliposema macho yake unayaamini kuliko ya profesa, akaniambia rudia. Nikarudia. Uji wake ukapoa.

Kisha akasema, "Odilia, wewe umechambua mchele tangu una miaka sita. Njoo nikuonyeshe kitu."

Mayai yako niliyahesabu mimi. Darasa la nne na elimu ya watu wazima. Tulikwenda Jumapili, na Ijumaa Kuu, siku ambazo wenzake hawapo, maana mimi sikuruhusiwa kuingia. Yeye alipanga vikombe kwa kupapasa, mimi nikaangalia, nikasema jeupe, jeusi, limesinyaa, nikaandika. Kikombe kimoja dakika nne. Jeupe kwenye karatasi nyeupe si gumu kuliko jiwe kwenye mchele. Raundi ya pili ilipotoa themanini na manne tena, nilimwambia Baba Levina watatushangaa. Akasema, "Umeona ngapi?" Nikasema themanini na manne. Akasema, "Basi andika ulichoona."

Barua zote ulizopokea ni mkono wangu. Ulipouliza kama alikisia, nilimwambia, "Mwambie mtoto." Akasema, "Nikimwambia, ama atadanganya pamoja nami, ama atanitoa. Na wakijua ni wewe uliyehesabu, kazi yake yote itatupwa. Acha asijue." Ile ya mama yako nilimkataza asiiseme. Alikuwa na hasira. Nikaandika.

Sasa sikia siku yenyewe. Elineema alimkalisha mbele ya hadubini, Lukelo na wengine wamesimama ukutani. Mimi nilikuwa mlangoni na kikapu cha chakula. Akamwambia, "Mzee Ponsiano, hesabu kikombe hiki kimoja tu, tumalize."

Akainama. Akakaa hivyo muda mrefu, jicho kwenye kioo. Mikono ilikuwa juu ya meza, nikaona vidole vyake vinatafutana.

Akasema, "Sitini na nane."

Lukelo akacheka. Mwingine akamwambia anyamaze, naye akacheka. Elineema akasema, "Mzee, karatasi ya kikombe hiki haina hata yai moja. Tumekuwekea karatasi tupu." Halafu akasema, labda alitaka lawama isimwangukie yeye, "Wazo si langu. Ni la mpwa wako."

Nilidondosha kikapu, nikaingia ili niseme. Akanitambua kwa sauti ya miguu. Hakugeuka. Akasema, "Odilia, nenda nyumbani." Nikabaki pale. Elineema akamuuliza, "Una la kusema?" Akasema, "Andika unavyotaka." Wakaandika kwamba alighushi. Walimshika mkono wakamwekea kalamu mahali pa sahihi. Hata pale hakuna aliyeelewa kwamba haoni, walidhani ni aibu.

Tukarudi kwa miguu, nimemshika kiwiko. Tulipofika mlangoni akauliza, "Alisema mwandiko umesimama wima?" Nikamjibu ndiyo, barua ilisema hivyo. Akasema, "Ana macho mazuri huyo mtoto." Hakukutaja tena mpaka ilipokuja barua hii ya msamaha.

Nilimsomea yote. Nilipofika kwenye magoti akaniambia ruka. Nilipofika kwenye jina lake kuwekwa kabla ya lako, akasema lisiwekwe. Si kabla, si baada. Nami nasema langu pia usiliweke, usije ukadhani umepata mahali pa kulipia. Kazi ya kurudishwa usimwombee. Watamrudisha akafanye nini?

Kisha akaniambia, "Mjibu. Andika kwamba nimefariki, asihangaike kuja."

Nilichukua kalamu. Yote aliyonituma tangu mwaka jana nimeyaandika, matusi nimeandika, maneno ya msiba nimeandika. Hilo mkono umekataa. Mimi naandika ninachokiona. Mjomba wako yu hai. Amekaa mbele yangu kwenye mkeka, anachambua mchele wa jioni kwa vidole, mawe mengi anayaacha. Ana nguvu, anakula, anaomba rozari. Anauliza kama nimeshaandika kwamba amefariki, nami nimemwambia tayari.

Usije.

Odilia